Gari lako la umeme la majaribio halikidhi kanuni zote? Namna ya kuomba msamaha na kuupata

Kanuni nyingi za usalama wa magari ziliandikwa na watu waliokuwa na gari la aina moja kichwani: injini mbele, tangi la mafuta nyuma, dereva ameshika usukani, vioo viwili pembeni. Ukija na gari la umeme ulilolibuni upya kuanzia chini, utakuta sharti moja au matatu hayatimiziki, hata kama gari lenyewe ni salama. Kwa hali kama hiyo sheria za nchi nyingi zimeacha njia ya msamaha wa muda, yaani kuondolewa masharti fulani kwa kipindi maalumu.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo: kampuni changa, chuo cha ufundi, wabunifu wenye gari moja au mia moja. Mifano ya sheria nimeitoa Marekani, Umoja wa Ulaya, Uingereza na Japani, maana huko utaratibu umeandikwa wazi na maamuzi yamechapishwa. Jambo moja ulishike tangu sasa. Mamlaka haikupi ruhusa ya kuwa na gari hafifu. Inafanya makubaliano nawe: utaje kwa usahihi unachokosa, uonyeshe kinachoziba pengo, kisha ukubali kubanwa kwa idadi, kasi, eneo na muda. Kadiri unachoomba kinavyokuwa chembamba, ndivyo kinavyopitika.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unauhitaji

Kabla ya kuandika ombi lolote, jiulize gari lako ni la kundi gani kisheria. Hapa ndipo watu hupoteza miezi bure, wakiomba msamaha wa viwango ambavyo haviwahusu.

Marekani, chombo chenye injini kinachokanyaga barabara kwa magurudumu yasiyozidi matatu huhesabiwa pikipiki, hata kikiwa na bodi iliyofungwa na usukani wa duara. Viwango vya mifuko ya hewa vya magari madogo havikigusi. Pia tangu 1998 kuna kundi la magari ya mwendo mdogo: magurudumu manne, kasi inayozidi maili 20 kwa saa lakini isiyopita 25 (takriban kilomita 32 hadi 40), na uzito wa juu pamoja na mzigo usiofika pauni 3,000, yaani kama kilo 1,361. Kundi hilo linadaiwa taa, vioo, mikanda, breki ya kuegesha, kioo cha mbele na mambo machache mengine, basi.

Ulaya nako kuna magari mepesi ya magurudumu manne. Kundi la L6e lina kikomo cha kilo 425 na kilomita 45 kwa saa. L7e ni kilo 450 kwa abiria au 600 kwa mizigo, na nguvu isiyozidi kilowati 15. Kwa magari ya umeme, uzito wa betri hauingizwi kwenye hesabu hiyo, na hiyo ni zawadi kubwa. Haya hayadaiwi majaribio ya kugonga kama gari la kawaida. Wakati mwingine kupunguza kilo 30 kwenye kiunzi kunakuokolea ombi zima la msamaha.

Angalia pia kama kanuni yenyewe imeshakubali teknolojia yako. Mfano mzuri ni kamera badala ya vioo vya pembeni. Kanuni Na. 46 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na Japani, inaruhusu kamera na skrini zikikidhi masharti yake. Kiwango cha Marekani Na. 111 bado kinadai vioo. Gari lilelile, kifaa kilekile, huku unapita na kule unaomba msamaha.

Na kama majaribio yako yote yanafanyika kwenye uwanja uliofungwa, huenda huhitaji kitu zaidi ya kibali cha mwenye uwanja na bima. Lakini uwe mwangalifu na neno "uliofungwa". Barabara ya ndani ya chuo au bandari ambayo watu hupita kwenda kazini inaweza kuhesabiwa mahali pa umma, hata kama kuna lango na mlinzi.

Hatua ya 2: Chagua njia moja

Marekani watengenezaji hujithibitishia wenyewe. Hakuna ofisi inayokagua gari kabla halijauzwa. Wewe ndiye unayetia saini kwamba linakidhi viwango vyote. Kwa hiyo kuuza gari lisilokidhi bila msamaha ni kosa la wazi. Sheria, kifungu cha 30113 cha sura ya usalama wa magari, inatoa sababu nne za kuomba.

Ya kwanza ni ugumu mkubwa wa kiuchumi. Hii ni ya kampuni iliyotengeneza magari yasiyozidi 10,000 katika mwaka wake wa karibuni, na msamaha unaweza kufika miaka 3. Tesla iliitumia njia hii mwaka 2008 kwa Roadster: iliondolewa sharti la mifuko ya hewa ya kisasa, ile inayopima ukubwa wa mtu aliyeketi ili isimdhuru mtoto au mtu mdogo wa umbo. Mifuko ya kawaida ilibaki palepale.

Sababu tatu nyingine zinakwenda hadi miaka 2, na magari yasiyozidi 2,500 yanayouzwa nchini katika miezi 12 yoyote. Nazo ni kujaribu kifaa kipya cha usalama, kujaribu gari lenye uchafuzi mdogo, na kuonyesha kwamba usalama wa jumla wa gari ni sawa au unazidi ule wa gari lisilo na msamaha. Gari la umeme linaingia moja kwa moja kwenye ile ya uchafuzi mdogo. Soma maneno ya sheria taratibu hapo: kwa njia hii hudaiwi kuthibitisha usalama uliolingana kabisa, bali kwamba msamaha hautaushusha usalama kupita kiasi. Kipimo hicho ni chepesi kuliko cha njia nyingine mbili. Timu nyingi zenye gari la umeme zinapaswa kuanzia hapo.

Kuna njia za pembeni pia. Sheria ya 2015 iliziruhusu kampuni zilizokuwa tayari zikitengeneza na kuuza magari yaliyothibitishwa nchini Marekani kujaribu magari yasiyokidhi barabarani, mradi zisiyauze. Mgeni kwenye biashara hafaidiki nayo. Ukiingiza gari kutoka nje kwa utafiti au maonyesho, Sehemu ya 591 ya kanuni inakupa ruhusa ya muda kwa barua ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na mwisho wa safari gari lazima lisafirishwe nje au liteketezwe. Mwaka 2025 mamlaka hiyo iliupanua mpango huo kwa magari yanayojiendesha yaliyotengenezwa ndani ya nchi, na Zoox, yenye gari la umeme lisilo na usukani, ikawa ya kwanza kunufaika.

Ulaya mambo ni kinyume: gari hupitishwa na mamlaka kabla ya kuuzwa. Kifungu cha 39 cha Kanuni ya 2018/858 kinahusu teknolojia mpya zisizopatana na kanuni zilizopo. Mamlaka ya nchi moja mwanachama inaweza kutoa idhini ya awali inayofaa ndani ya nchi hiyo tu, isipokuwa nchi nyingine iamue kuikubali, huku Tume ya Ulaya ikiamua kama idhini kamili itolewe. Unadaiwa mambo matatu: sababu za kutopatana, maelezo ya athari za usalama na mazingira pamoja na hatua ulizochukua kulinda kiwango kinacholingana, na majaribio yenye matokeo. Kwa gari moja tu, idhini ya gari binafsi ya nchi husika huwa rahisi zaidi. Kwa magari machache, kuna utaratibu wa uzalishaji mdogo, ambao kwa magari ya abiria katika Umoja mzima una kikomo cha 1,500 kwa mwaka.

Uingereza, kifungu cha 44 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 kinaruhusu amri maalumu kwa magari ya aina mpya au yaliyotengenezwa kwa majaribio. Japani mwaka 2013 ilianzisha utaratibu wa magari madogo sana, mengi yao ya umeme, yaliyolegezewa baadhi ya viwango kwa sharti kwamba yazunguke katika eneo lililokubaliwa na serikali ya mtaa, wala yasiingie barabara za mwendo kasi.

Ukishachagua, usichanganye njia. Ombi linaloanza na ugumu wa kiuchumi likamalizikia na ubunifu wa usalama linamwacha msomaji hajui alipime kwa mizani gani.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la mapengo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Fungua orodha ya viwango vyote vinavyohusu kundi la gari lako, uvipitie kimoja baada ya kingine, hadi aya ndogo. Mbele ya kila aya andika moja ya maneno matatu: linakidhi, halihusiki, au halikidhi. "Karibu linakidhi" haipo.

Kwa kila "halikidhi", jaza nafasi tano. Tuseme una gari dogo la mizigo lisilo na vioo vya pembeni kwa sababu limejaa kamera. Safu moja inaweza kusomeka hivi:

*Kinachotakiwa:* kioo cha nje upande wa dereva, chenye eneo la kuonea lililotajwa kwenye aya fulani.
*Kinachokosekana:* kioo chenyewe. Eneo la kuonea lipo lote.
*Kinachochukua nafasi yake:* kamera mbili kila upande, zenye waya wa umeme uliotenganishwa, na skrini ndani ya chumba cha dereva.
*Ushahidi:* vipimo vya eneo la kuonea mchana, usiku, mvuani na jua likiwa usoni. Muda wa picha kuchelewa. Matokeo ya kuzima kamera moja gari likitembea.
*Kikomo:* skrini ikizimika, gari linajipunguza lenyewe hadi mwendo wa kutembea kwa miguu na kutoa onyo.

Nafasi ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ofisa anayesoma anajua kila kifaa huharibika. Anataka kuona kwamba nawe unajua, na gari linafanya nini siku hiyo.

Nuro, kampuni ya Marekani, walionyesha mwaka 2020 jinsi jedwali jembamba linavyofanya kazi. Gari lao dogo la umeme la R2 lilibeba mizigo bila binadamu ndani, kasi isiyozidi maili 25 kwa saa. Waliomba kuondolewa mambo matatu tu: vioo vya nje, kioo cha mbele cha kiwango kilichotajwa, na sharti kwamba picha ya kamera ya nyuma izimike gari likianza kwenda mbele. Yote matatu yana mzizi mmoja. Yanamlinda au kumsaidia dereva, na dereva hayupo. Huhitaji kuwa mhandisi kuielewa hoja hiyo, ndiyo maana ilikuwa na nguvu.

Onyo langu hapa: usiombe msamaha wa kitu cha bei rahisi. Magari ya umeme lazima yatoe sauti yakienda polepole ili wenye ulemavu wa kuona na watembea kwa miguu wayasikie, Marekani hadi kilomita 30 kwa saa na chini ya Kanuni Na. 138 ya Umoja wa Mataifa hadi 20. Spika na programu ndogo vinatosha. Ukiomba kuondolewa hilo, unamfundisha ofisa kwamba hukujisumbua, na mashaka hayo yatahamia kwenye maombi yako ya maana.

Hatua ya 4: Betri usiiguse kwa msamaha

Unaweza kuomba kuondolewa vioo, hata mifuko ya hewa. Kuomba kulegezewa usalama wa umeme kwenye gari la umeme ni kuomba kukataliwa. Viwango vyenyewe, Na. 305 Marekani na Na. 100 ya Umoja wa Mataifa, viko kwa ajili ya aina hii ya gari hasa, kwa hiyo huwezi kusema havikukutarajia. Chukua pesa zote ulizookoa kwingine uzilete hapa.

Voltiji kubwa kisheria inaanzia juu ya volti 60 za mkondo wa moja kwa moja (DC), au 30 za mkondo geu (AC). Kuanzia hapo nyaya zilizo nje ya maboksi huwa za rangi ya chungwa, alama ya onyo inabandikwa kwenye betri, na hakuna sehemu yenye umeme inayoweza kuguswa kwa kidole. Kisha linakuja suala la insulesheni, yaani ukinzani kati ya mfumo wa voltiji kubwa na bodi ya gari. Kiwango cha chini ni ohm 100 kwa kila volti kwa saketi za mkondo wa moja kwa moja, na ohm 500 kwa kila volti kwa mkondo geu.

Fanya hesabu ya betri halisi. Una seli 96 zilizopangwa mfululizo. Wengi huzidisha kwa volti 3.7 na kupata 355. Hiyo ni voltiji ya kutajwa kwenye matangazo. Kipimo cha kanuni kinafuata voltiji ya juu ya kazi, na seli iliyojaa ya aina hiyo ina 4.2, hivyo betri ina volti 403. Zidisha kwa 100: unahitaji angalau ohm 40,300. Lakini mota inaendeshwa na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu, na mara nyingi saketi ya betri na ya mota zimeunganishwa moja kwa moja kwa waya. Zikiwa hivyo bila kinga ya ziada iliyotajwa kwenye kanuni, mfumo wote unapimwa kwa 500, na hitaji linaruka hadi ohm 201,500. Pima gari likiwa limewashwa, kontakta, yaani swichi kubwa za betri, zimeunganisha umeme, kila kifaa kimeunganishwa, hadi hita na kompresa ya kiyoyozi. Kisha pima tena baada ya gari kulowa mvua. Gari linalotoa ohm milioni mbili likiwa kavu linaweza kushuka vibaya kwa sababu ya plagi moja iliyoingia unyevu, na plagi hiyo ndiyo utakayotaka kuijua kabla ya ofisa.

Halafu kuna majaribio ya betri yenyewe chini ya Kanuni Na. 100: mtikisiko, joto na baridi za ghafla, mshtuko wa kimakanika, kubanwa, shoti ya nje, kuchaji kupita kiasi, kuishiwa chaji kupita kiasi, joto kupita kiasi, na moto. Jaribio la moto huweka betri juu ya beseni la mafuta yanayowaka: sekunde 70 uso kwa uso na mwali, kisha 60 kupitia kizuizi cha matofali. Isilipuke. Matoleo mapya ya kanuni yameongeza la seli moja kuwaka na kuwasha jirani zake: abiria wapate onyo angalau dakika 5 kabla moto, moshi au mlipuko haujawa hatari kwao ndani ya gari.

Timu ndogo haina pesa ya kuunguza betri kadhaa. Njia ya busara ni kununua moduli au betri nzima ambayo tayari ina cheti, na kuiweka bila kubadilisha boksi lake, upoozaji wake wala programu inayoisimamia. Ukifungua boksi na kuzipanga seli upya, cheti kimebaki kwa muuzaji. Ulichonacho sasa ni betri mpya isiyojulikana.

Jambo ambalo huwashtua wengi: betri ya majaribio lazima ifike kwenye maabara, na kisheria betri ya lithiamu ambayo haijafaulu majaribio ya UN 38.3, yale ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa kusafirisha betri, haisafirishwi kama mzigo wa kawaida. Kanuni za kimataifa za mizigo hatari zina sharti maalumu Na. 310, linaloruhusu betri za mfano au za uzalishaji usiozidi 100 kusafirishwa katika vifungashio vyenye masharti makali. Kwa ndege unahitaji pia idhini ya mamlaka. Panga hili mapema, la sivyo maabara itakaa ikikusubiri wewe.

Hatua ya 5: Jifunge mwenyewe kabla hujafungwa

Andika mipaka yako kwenye ombi. Ukiiacha nafasi hiyo wazi, mamlaka itaijaza yenyewe, na haitajua kwamba gari lako linaumia likikatazwa barabara ya kilomita 50 kwa saa lakini halina shida kabisa na kukatazwa usiku.

Mipaka yenye uzito ni ile iliyofungwa na mashine. "Madereva wetu wameelekezwa wasizidi kilomita 40 kwa saa" ni maneno. "Inveta imewekewa kikomo cha kilomita 40 kwa saa na programu imefungwa kwa nenosiri ambalo dereva hana" ni mpaka. Vivyo hivyo eneo: taja barabara kwa majina, ambatisha ramani, onyesha makutano ambayo hamtayapita na sababu yake. Taja nani ataketi ndani. Wafanyakazi waliofunzwa na kukubali hatari kwa maandishi ni jambo jepesi kukubalika kuliko abiria wa kawaida, na mtoto ni jambo zito kuliko wote.

Kisha uhusishe kila mpaka na pengo lake kwenye jedwali. Kama huna mifuko ya hewa, kikomo cha kasi kinaeleweka. Kutotembea usiku hakuna uhusiano nayo, na mpaka usio na sababu huonekana kama pambo.

Hatua ya 6: Andika ombi

Kwa Marekani, Sehemu ya 555 ya kanuni inakwambia kila kitu cha kuweka: jina na anwani ya mtengenezaji, viwango vinavyoombewa kwa namba na aya, sababu mojawapo kati ya zile nne, muda, na kwa nini msamaha huo una manufaa kwa umma. Ukitumia njia ya uchafuzi mdogo, unaeleza jinsi gari lako linavyotofautiana na lile linalokidhi, unatoa matokeo ya majaribio, unasema kama litakidhi viwango msamaha ukiisha, na kuahidi kutozidi magari 2,500 kwa miezi 12. Ukitumia ugumu wa kiuchumi, fungua vitabu: mizania na mapato ya miaka 3, gharama ya kila kipuri cha kubadilishwa ili gari likidhi, na juhudi ulizofanya kulifikisha huko. Kusema "ni ghali" hakutoshi. Ghali kiasi gani, kwa kipuri kipi, na biashara itakuwaje ukinyimwa.

Sehemu ya manufaa ya umma waombaji wengi huijaza kwa hotuba kuhusu tabianchi. Msomaji amezisoma nyingi. Mpe data atakayoipata: majaribio haya yatatuonyesha kama kamera zinachukua nafasi ya vioo kwenye mvua, na matokeo tutayatoa. Hapo kweli kuna manufaa.

Siri za biashara zitenganishe mapema. Andaa nakala mbili, moja kamili na moja iliyofichwa sehemu chache, pamoja na ombi la usiri lenye sababu kwa kila sehemu. Usifiche matokeo ya usalama. Ombi lililopakwa weusi kila ukurasa linaamsha maswali ambayo yaliyomo yasingeyaamsha.

Hatua ya 7: Kusubiri

Marekani ombi huchapishwa na wananchi hutoa maoni. Nuro waliomba Oktoba 2018, maoni yakafunguliwa 2019, jibu likatoka Februari 2020. General Motors iliwahi kuomba kwa gari la umeme la Origin mwaka 2022, ikaliondoa ombi 2024 bila uamuzi. Mwaka 2025 NHTSA ilitangaza kurahisisha utaratibu huo, lakini weka bajeti ya muda mrefu. Mishahara haisubiri tangazo.

Wakati huo jibu maswali haraka na kwa maandishi. Ukibadilisha muundo wa gari, toa taarifa siku hiyohiyo. Gari lililoko karakana na gari lililoko kwenye karatasi vikianza kutofautiana, msamaha utakaoupata utakuwa wa gari ambalo halipo.

Hatua ya 8: Umepewa, sasa nini

Lebo kwanza. Marekani gari lenye msamaha hubandikwa lebo ya kudumu, pamoja na nyingine kwenye kioo, ikitaja namba za viwango visivyotimizwa na namba ya msamaha. Mnunuzi lazima aione kabla ya kulipa.

Msamaha wa mamlaka ya usalama hauleti namba ya usajili wala bima. Jimbo au manispaa ina masharti yake, na kampuni ya bima ina yake zaidi. Wapelekee bima jedwali la mapengo lote. Ukiwaficha pengo moja, siku ya ajali ndilo watakalolishika.

Nenda kituo cha zimamoto cha eneo la majaribio kabla gari halijatoka. Wapelekee karatasi moja yenye mchoro: betri iko wapi, swichi ya kukata umeme iko wapi, nyaya zisizokatwa ni zipi, na sehemu gani ya bodi inaweza kukatwa kumtoa mtu. Waonyeshe gari lenyewe, wafungue wenyewe. Waeleze pia kwamba betri ya lithiamu iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa au siku, hivyo gari lililoungua liwekwe peke yake uwanjani, mita 15 hivi mbali na magari mengine na majengo.

Ripoti zitadaiwa. Nuro walitakiwa kutoa taarifa za ajali na za uendeshaji, na kuzungumza na wakazi wa maeneo ambako magari yangepita. Hata kama hudaiwi, weka kumbukumbu za kila tukio dogo: onyo la insulesheni, kontakta iliyochelewa kufunguka, breki iliyovutwa na mtu aliyeshtuka. Na usisahau kwamba msamaha unahusu viwango ulivyovitaja pekee. Ukigundua kasoro ya usalama, wajibu wa kuitangaza na kuirekebisha bila malipo uko palepale kama kwa kampuni kubwa.

Hatua ya 9: Muda ukikaribia kuisha

Marekani ombi la kuongeza muda likiwasilishwa angalau siku 60 kabla ya mwisho, msamaha wa zamani unaendelea hadi uamuzi utolewe. Siku ya 59 huna tena kinga hiyo. Weka ukumbusho miezi sita kabla, maana utahitaji data mpya. Mamlaka haitapenda kusoma hoja zilezile za mwanzo kana kwamba magari yako hayakutembea hata siku moja. Hapo ndipo kumbukumbu za matukio madogo zinapolipa.

Ulaya, Tume ikikataa, mamlaka ya nchi hukuarifu kwamba idhini ya awali itafutwa miezi 6 baada ya uamuzi huo. Magari yaliyotengenezwa kabla yanaweza kuendelea kutumika katika nchi zilizokuwa zimeikubali.

Kwa hiyo amua tangu mkataba wa kwanza nani anamiliki gari siku ya mwisho. Kama ni la kukodisha, andika kwamba linarudi kwako na litarudishwa kwa gharama ya nani. Kama liliingizwa kwa ruhusa ya muda, tenga pesa za kulisafirisha nje au kuliteketeza, na tafuta mapema kiwanda kitakachokubali kuchukua betri yake. Ile uliyoipanga seli mwenyewe itapata wachukuaji wachache, na watakutoza zaidi.